Laptopu Ninayokwenda Nayo Ziwani

Februari 2021, kwenye kisiwa kidogo ng'ambo ya Bugala, kisiwa kikubwa cha Visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria upande wa Uganda, nilifuta kwa mkono wangu picha 143 ambazo sitazipata tena. Nilizifuta nikiamini zimeshanakiliwa. Tangu siku ile nimebadilisha laptopu mara mbili, na naandika haya kwa ajili ya yeyote anayepiga picha chini ya maji, au mahali popote palipo mbali na soketi, na anajiuliza abebe kompyuta gani.

Nianze na kazi yenyewe. Nilizaliwa Mwanza, na huu ni mwaka wa kumi na mmoja naishi Entebbe. Napiga picha kwa ajili ya timu ndogo ya wazamiaji wanaokagua vizimba vya samaki: nyavu zilizochanika, kamba za nanga zilizosagika, vyuma vilivyoliwa na kutu. Mwenye kizimba hawezi kushuka kuangalia, kwa hiyo picha ndiyo ripoti yake. Timu ina Waganda watatu, Wakenya wawili wa Kisumu, na mimi. Kiswahili ndicho kinachotuweka pamoja botini, na kambini pia, maana kambi za wavuvi visiwani zina watu wa kila upande wa ziwa.

Vizimba ndivyo vinavyonilipa. Moyo wangu uko kwa furu. Waganda huwaita nkejje, samaki wadogo wa urefu wa kidole au kiganja, dume akiwa na rangi kali na madoa ya njano kwenye pezi la chini. Ziwa Victoria lilikuwa na mamia ya aina zao, nyingi zisizopatikana kwingine kokote duniani. Sangara aliingizwa miaka ya 1950, akaja kuongezeka kupita kiasi miaka ya 1980, na aina nyingi za furu zikatoweka, nyingine hata kabla hazijapewa jina. Waliobaki, wengi wamejificha kwenye miamba ambako sangara mkubwa hapiti kwa urahisi. Huko ndiko ninakoomba kushushwa kila tukimaliza kazi mapema.

Na maji ya Victoria si maji ya Pemba. Siku nzuri unaona mita mbili. Siku ya kawaida mwanga wa flashi unagonga vumbi lililoelea na picha inarudi imejaa nukta nyeupe kama unga. Ukipata fremu moja safi, samaki yuko mahali pake na maji yametulia, hujiambii "nitarudi kesho." Kesho maji yamebadilika na samaki hayupo. Ndiyo maana suala la kunakili picha kwangu ni zito kuliko suala la kamera.

Laptopu niliyokuwa nayo mwaka ule niliinunua 2019 kwa ushauri wa watu wanaojua kompyuta lakini hawajawahi kulala kambini. Waliniambia picha zinataka nguvu. Nikachukua ya inchi 15.6, ya aina wanayopenda wacheza gemu, prosesa kali, feni mbili, skrini inayong'aa. Nyumbani ilikuwa raha. Picha zilifunguka kabla sijaondoa kidole kwenye kibodi. Chaja yake ilikuwa tofali la wati 180.

Kisiwani hapakuwa na umeme wa gridi. Mwenye nyumba tuliyopanga alikuwa na paneli moja ya sola juu ya bati, betri moja ya gari, na inveta ya wati 150, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi. Jioni ya kwanza nilichomeka chaja. Inveta ikalia mara tatu, ikazima. Nikazima taa, nikachomoa simu za wenzangu, nikajaribu tena. Ikazima tena. Nikabaki na chaji niliyotoka nayo Entebbe, na laptopu ile haikuwahi kunipa zaidi ya saa mbili na nusu bila waya.

Jioni ya pili nilianza kunakili kadi mbili, ya kwanza kisha ya pili, halafu nikatoka nje kusuuza nguo za kuzamia. Niliporudi skrini ilikuwa nyeusi. Asubuhi tulipita kwenye mwalo mkubwa wenye jenereta, nikachaji kwa nusu saa huku wenzangu wakipakia mitungi, nikafungua folda ya kadi ya pili. Picha za mwanzo zilikuwepo, safi kabisa. Nikaridhika, nikafunga. Saa nne, kadi ya tatu ilipojaa, niliiweka ile ya pili kwenye kamera, nikaiformati, tukashuka.

Nilipofika nyumbani ndipo nilipohesabu. Kadi ilikuwa na picha 414. Folda ilikuwa na 271.

Ukiformati kadi kwenye kamera, mara nyingi kinachofutwa ni orodha tu. Picha zenyewe hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Laiti ningesimama hapo, programu ya kufufua faili ingenirudishia karibu zote. Lakini mimi nilikuwa nimeshapiga mbizi mbili nzima za nyavu juu yake. Nilipata vipande: nusu ya jiwe, kisha ukanda wa kijivu.

Katika zile 143 kulikuwa na fremu kumi na moja za furu jike. Furu wengi hulea mayai na watoto mdomoni. Nilimkuta kwenye ufa wa mwamba, mita sita hivi, watoto wake wakiwa wametoka, kama chembe za pilipili manga zinazoelea mbele ya uso wake. Kivuli changu kilipowapitia, walirudi mdomoni wote kwa mkupuo mmoja, naye akafunga taya na kurudi nyuma polepole. Nilisahau hata kupumua vizuri. Kuna watu wameona hilo kwenye matangi ya kioo. Mimi niliona ziwani, kwa macho yangu, na nikapiga. Bado nikifumba macho namwona, lakini siwezi kumwonyesha mtu.

Nilikaa miezi bila kupanda boti kwa ajili ya picha zangu binafsi. Nilikwenda kwa ajili ya kazi tu.

Laptopu ya pili niliinunua kwa hasira. Nilitaka kitu kisichokula umeme, basi. Nikapata kadogo ka inchi 11.6, hakana feni, chaja ndogo iliyokuwa ikifanya kazi kwenye inveta ile ile bila kulalamika. Kwa upande wa umeme ilinifunza jambo la kweli: mashine ndogo inaweza kuishi visiwani. Kwa upande mwingine wote ilinitesa. Hifadhi yake ilikuwa GB 64, na Windows peke yake imekalia zaidi ya nusu. Maana yake haikuweza kushika nakala yoyote. Ilikuwa mfereji tu wa kupitisha picha kutoka kwenye kadi kwenda kwenye diski ya nje. Nakala moja. Kadi ikishaformatiwa, nimebaki na kitu kimoja tu, tena diski ile ya kuzunguka, kwenye mtumbwi unaotetemeka kwa injini.

Na ilikuwa nzito kufungua picha. Faili moja ya RAW, yaani picha ghafi kama kamera ilivyoinasa, ilichukua sekunde kumi, kumi na tano. Ukiwa umechoka, umekula, macho yanauma, hufungui picha mia tatu kwa sekunde kumi na tano kila moja. Unafungua mbili, unalala. Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi siku mbili mfululizo na tone la maji ndani ya kioo cha mbele cha kasha la kamera. Lilikuwa dogo, lilitoka kwenye mpira wa kuzuia maji uliokuwa na unywele mmoja wa nyuzi za taulo. Joto la kamera likaligeuza ukungu, na ukungu ukakaa katikati ya kila picha. Skrini ya kamera ni ndogo mno kuonyesha kitu kama hicho. Tulilazimika kurudia ukaguzi wa vizimba viwili, mafuta ya boti na posho ya watu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kompyuta ya safari ina kazi mbili tu. Inakili picha na kuthibitisha kwamba zimenakilika, halafu inionyeshe usiku ule ule kama kamera ina tatizo. Kuhariri ni kazi ya nyumbani. Kila ninachokitafuta kwenye laptopu sasa kinatoka kwenye kazi hizo mbili na kwenye umeme wa kuzifanya.

Niliketi nikapiga hesabu zangu, kitu ambacho ningepaswa kukifanya 2019. Kamera yangu ya megapikseli 24 inatoa RAW ya MB 25 hivi. Mbizi mbili kwa siku ni picha 300, sawa na GB 7.5. Video ya 4K kwenye kamera yangu inakula megabiti 100 kwa sekunde, yaani MB 750 kila dakika. Dakika ishirini ni GB 15. Jumla GB 22 na ushee kwa siku, na safari ya siku tano ni kama GB 110. Kwa hiyo diski ya ndani ya GB 256 iliyojaa mambo mengine haitoshi kwa raha, na 1 TB inatosha kwa safari kadhaa. Nguvu ya prosesa haikutokea popote kwenye hesabu hizo.

Kilichotokea ni kasi ya kunakili. Tundu la USB la zamani, lile la 2.0, kwa matumizi halisi hukupa MB 30 hadi 40 kwa sekunde, hata kadi yako iwe ya bei gani. Kwenye USB 3.0, kadi nzuri ya SD ya kawaida hufika MB 80 au 90. Zile GB 22 ni dakika kumi na mbili upande mmoja na chini ya tano upande wa pili. Ukiongeza nakala ya pili, na kuthibitisha, tofauti inakuwa nusu saa kila jioni. Nusu saa ya betri, na nusu saa ya usingizi.

Mwaka 2023, nikiwa na hesabu hizo kwenye kijidaftari, nilipanda teksi ya asubuhi kwenda Kampala, kwenye maduka ya laptopu za mtumba katikati ya mji. Nilikwenda na mkoba wenye vitu vyangu: kadi yenye folda ya GB 10, kisoma kadi, diski ndogo ya SSD (ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani), na simu kwa ajili ya kupima muda. Nakushauri ufanye hivyo hivyo hata kama muuzaji atakuangalia kwa mshangao.

Kijana aliyenihudumia alikuwa mpole. Alianza kunionyesha mashine mpya, nyembamba, za kuvutia. Nikamwambia natafuta ya inchi 12 au 13, yenye betri inayotoka, na inayochajiwa kwa USB-C.

"Dada, hizo ni za zamani," akasema. "Kazi gani unafanya?"

"Napiga picha chini ya maji, visiwani."

"Picha? Basi unahitaji hii." Akashika ile ya gemu.

"Mdogo wangu, hiyo nilishakuwa nayo. Nionyeshe zile za maofisini."

Akaniletea ThinkPad X270 tatu. Hiyo ni mashine ya inchi 12.5, ina tundu la kadi ya SD ya ukubwa kamili ubavuni, USB za kawaida na USB-C moja, na ina betri mbili: ndogo ya ndani na nyingine ya nyuma unayoweza kuibadilisha bila kuzima, maana ile ya ndani inashikilia mashine iendelee kuwaka. Kwa mtu wa visiwani huo ni utajiri.

Ya kwanza tundu lake la kadi lilikuwa linashika kwa kubahatisha. Kadi inaingia, inatoweka kwenye skrini, inarudi. Nikaiweka kando bila maneno, kwa sababu kadi inayokatika katikati ya kunakili ndiyo iliyonileta pale. Ya pili ilikuwa nzima lakini bawaba zimelegea, skrini inaanguka nyuma yenyewe. Botini, au juu ya kitanda, hiyo ni hatari kwa nyaya za skrini.

Ya tatu niliikalia kwa saa nzima. Nilifungua ile sehemu nyeusi ya kuandika amri, nikaandika powercfg /batteryreport. Windows hutengeneza ukurasa unaoeleza betri ilitoka kiwandani na uwezo gani na leo inashika kiasi gani, kwa hiyo huhitaji kuamini neno la mtu. Betri ya nyuma ilikuwa ya Wh (wati-saa) 72 na bado inashika 58. Ya ndani, Wh 23, imebaki 19. Kwa mtumba nilifurahi. Nikanakili folda yangu ya GB 10 kutoka kwenye kisoma kadi kwenda ndani: dakika mbili na sekunde chache. Kutoka ndani kwenda kwenye SSD yangu: chini ya hapo. Nikarudia na tundu la pili la USB, maana mara nyingi moja linakuwa limechoka na mwenye duka hajui. Nikachomeka chaja ya USB-C ya wati 45 niliyokuja nayo, ikaanza kuchaji. Nikaipeleka mlangoni kwenye mwanga wa saa sita, nikaona skrini inasomeka kwa shida, lakini inasomeka. Skrini yake haina sifa za rangi. Kwa kutafuta ukungu na tone la maji inatosha.

Mwisho niliinusa. Najua inasikika ajabu, lakini mashine iliyowahi kuingia maji huwa na harufu ya udongo mbichi karibu na feni, na kibodi yake utaikuta na vitufe viwili vitatu vinavyorudi taratibu. Hii ilikuwa kavu.

Alitaka shilingi 1,400,000. Tulimaliza kwa 1,200,000, akaniongezea RAM kufika GB 16 na akanisaidia kufungua skrubu za chini ili nitoe diski yake ya GB 256 na kuweka SSD yangu ya 1 TB. Nikamlipa kwa simu, nikala rolex mbili, chapati zilizoviringishiwa mayai, pale pale barabarani, nikarudi Entebbe kabla ya mvua.

Umeme ndio uliohitaji akili zaidi kuliko mashine. Njia niliyoishi nayo kwa miaka ilikuwa ya kizunguzungu: betri ya volti 12 inaingia kwenye inveta, inageuzwa kuwa volti 240, halafu chaja ya laptopu inaishusha tena kuwa volti 20. Kila mgeuzo unakula. Siku hizi natumia chaja ya gari ya USB-C ya wati 65, ile ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti, na nimemwomba fundi aniwekee tundu hilo kwenye waya wenye vibanio viwili. Navibana moja kwa moja kwenye betri ya mwenye nyumba, nikishamwomba ruhusa na kumlipa kidogo. Inveta inapumzika, na taa za watu hazizimwi. Pia nina pawabenki ya mAh 20,000. Hiyo ni kama Wh 74 kwa makaratasi, ukitoa kinachopotea njiani inaijaza betri moja kwa sehemu kubwa. Ukisafiri kwa ndege kwenda kuzamia Unguja au Mombasa, kumbuka mashirika ya ndege huruhusu betri hadi Wh 100 mkononi bila kuomba kibali, na pawabenki haiingii kwenye mzigo wa chini.

Nikisema kompyuta, wazamiaji wenzangu hufikiria kwanza ile inayovaliwa mkononi wakati wa kuzamia, inayokokotoa kina na muda salama. Hiyo nayo nisiipite kimya, kwa sababu ni ya uhai. Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hesabu za kuzamia za kawaida ni za baharini. Kuanzia mita 300 unapaswa kuiambia kompyuta ya mkononi kwamba uko mwinuko, kama haijitambui yenyewe. Na ukimaliza kuzamia usipande gari siku ile ile kuelekea Kabale, kwenye milima, kana kwamba si kitu.

Turudi kwenye laptopu. Jioni kisiwani sasa huenda hivi. Kasha la kamera linakaa kwenye beseni la maji safi nusu saa, halafu nalikausha kwa taulo isiyotoa nyuzi, nanawa mikono na kuikausha mpaka kwenye kucha. Kadi natoa ndani ya nyumba, kamwe si botini. Kisha naingia kwenye chandarua na laptopu.

Chandarua si kwa ajili ya mbu peke yao. Kuna wadudu wa ziwani, Waganda huwaita sami, wanaoinuka juu ya maji kwa wingi hadi ukiwa mbali unadhani ni moshi. Usiku wanafuata mwanga wowote. Mara ya kwanza niliyofungua laptopu barazani walifunika skrini kwa dakika moja, laini, wanasagika ukiwagusa, wakaingia chini ya vitufe na kwenye tundu la kadi. Nilitumia sindano na brashi ya rangi kusafisha. Sasa nazima taa ya chumba, napunguza mwanga wa skrini hadi mwisho wa kuonekana, na nawasikia wakigonga nyavu kama mvua hafifu. Asubuhi kuku wa mwenye nyumba wanafagia kizingiti.

Nanakili kadi kwenda ndani ya laptopu, kisha kadi hiyo hiyo kwenda SSD ya nje. Si laptopu kwenda SSD. Kama nakala ya kwanza imeharibika, sitaki kuizalisha. Programu ninayotumia inasoma faili pande zote mbili na kulinganisha namba inayotokana na kila faili. Herufi moja ikitofautiana, inaniambia. Kwenye Windows nilitumia TeraCopy, ukiiamuru ihakiki. Baadaye, Windows 10 ilipofikia mwisho wa kusaidiwa Oktoba 2025, na mashine hii ya umri wake haikubaliwi rasmi na Windows 11, niliweka mfumo wa Linux badala yake, na sasa natumia programu ya rsync yenye kulinganisha. Kwa laptopu isiyofanya kingine ila hiki, sikupoteza kitu.

Halafu nahesabu. Idadi kwenye kadi, idadi ndani, idadi nje, naandika kwenye kijidaftari kwa kalamu. Kisha nafungua picha: ya kwanza, za katikati kadhaa, na ya mwisho. Ya mwisho ndiyo iliyoniliza 2021, siiachi.

SSD zangu za nje nimeziformati kwa exFAT, mfumo mmojawapo wa kupanga faili kwenye diski, kwa sababu mwenye vizimba mmoja anatumia Mac na wengine Windows, na exFAT inaandikika kote. Udhaifu wake ni kwamba haivumilii kung'olewa ghafla kama mifumo mingine inavyovumilia, kwa hiyo kila mmoja kwenye timu anajua: usiguse waya kabla sijasema. Diski za kuzunguka sibebi tena. Mwenzetu wa Kisumu yake ilianguka kutoka kwenye benchi la boti, futi mbili tu, ikaanza kugonga tik, tik, na mpaka leo picha za harusi ya dada yake zimo humo.

Kuna wanaoniuliza kwa nini nisibebe kadi nyingi tu nikaachana na laptopu. Kadi nyingi nabeba, kadi sita, na siformati hata moja mpaka nifike nyumbani. Hiyo ndiyo nakala yangu ya tatu. Lakini kadi haikuambii kwamba kioo kina ukungu. Simu je? Kwa safari ya siku moja, simu yenye USB-C, kisoma kadi na SSD vinatosha, na sioni aibu kusema hivyo. Siku tano na video, simu inapata joto, inachoka, na faili nyingi za RAW huwezi kuzikagua vizuri humo. Na intaneti ya kupandisha GB 110 kutoka kambini hakuna bando itakayoibeba. Napandisha chache zilizochaguliwa nikifika Entebbe.

Usafiri wa mashine hauhitaji gharama. Laptopu inaingia kwenye mfuko usiopitisha maji, mfuko unaingia kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu. Ndoo inakaa kivulini chini ya benchi, imefungwa kamba na dumu tupu, ili hata boti ikipinduka ionekane inaelea. SSD haisafiri na laptopu. Mimi nikirudi kwa meli kutoka Lutoboka, bandari ya Bugala, SSD inarudi na boti ya timu, kwa mzee wa boti, au kinyume chake. Ziwa hili linageuka ndani ya dakika, na kila aliyeishi kando yake ana jina la mtu wa kulilia.

Agosti iliyopita tulimaliza vizimba saa saba mchana, na mzee akakubali kunipeleka kwenye mwamba ule. Maji yalikuwa ya mita moja na nusu. Nilikaa karibu na ufa kwa dakika thelathini na tano, flashi nimezisogeza nje kabisa ili zisiangaze vumbi. Jike alikuwepo. Hakuwa yule, miaka imepita, lakini taya lake la chini lilikuwa limejaa na kushuka vile vile. Hakuwatoa watoto. Nilipata fremu nne ambazo mdomo umefunguka kidogo na ndani, kwenye giza, yanaonekana macho.

Usiku, chini ya chandarua, nilizikuta ni za 288 hadi 291 kati ya 306. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda upande wa pili wa nyavu, anangoja.

"Zimeingia, mwanangu?"

"Bado zinahakikiwa, Mzee."

Tulingoja. Namba zikalingana, nikaandika kwenye daftari, nikamgeuzia skrini. Akasogeza uso mpaka karibu na nyavu, akaangalia muda mrefu yale macho ndani ya mdomo, akanitajia jina la Kisese ambalo sikuwahi kulisikia, nikamwomba alirudie na nikaliandika chini ya 306. Kisha nikachomoa SSD, nikampitishia chini ya chandarua. Akaifunga kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, kaveera kwenye kopo lake la tumbaku, akaenda kulala.